Sabuni ya Mdalasini

Chiriku alikuwa hajavua hata viatu vya shule mama yake alipomwita kutoka uani.

"Njoo unisaidie pua, mwanangu!"

Hivyo ndivyo alivyoitwa kila siku ya kutengeneza sabuni. Mama yake alikuwa fundi wa sabuni za chumvi, zile nyeupe, nzito, ngumu kama jiwe la kunolea kisu. Zamani alichagua manukato mwenyewe. Kisha akapatwa na mafua makali yaliyomlaza kitandani, na alipoinuka hakuweza kunusa kitu. Chakula kikiungua jikoni, yeye hana habari. Ukimwekea karafuu puani, anasema ni kama ananusa maji. Daktari alimwambia huenda pua ikapona, huenda isipone.

Basi Chiriku akawa pua ya nyumba. Majirani walimpa jina la Chiriku, yule ndege mpiga kelele, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, na kazi hii ilimfaa. Alifungua chupa ndogo za mafuta moja moja, akanusa, akaeleza.

"Haya ya mchaichai yamechuja, mama. Yananukia majani makavu. Haya ya limau ni matamu, lakini yanakimbia. Sabuni ikikauka hutayapata tena."

"Chumvi ndiyo inayoyameza," mama alisema. "Na mdalasini?"

Chiriku alinusa, akafumba macho. "Mdalasini haukimbii. Unakaa kama mgeni aliyekuja na godoro."

Mama alicheka kidogo. Siku hizo hakuwa mtu wa kucheka. Wiki iliyotangulia, msusi wa mtaa wa pili, mnunuzi wao mkubwa, alirudisha sabuni mbele ya watu. "Mama Chiriku, sabuni gani hizi zisizonukia? Wateja wangu wananiuliza kama nawaosha kwa chumvi ya kulambisha ng'ombe!" Watu waliangua kicheko. Mama naye alicheka, lakini Chiriku aliyaona macho yake.

"Tutatumia mdalasini," mama alisema sasa, akivaa glavu. "Lakini sikiliza vizuri. Matone machache tu, mengine yote yawe mchaichai. Mdalasini ni kama pilipili. Ukizidi, ngozi inaungua."

Mama alikoroga mafuta ya nazi yaliyochanganywa na magadi makali, kazi ambayo hakumruhusu mtoto kuikaribia. Uji ulipoanza kuwa mzito, alimwashiria Chiriku amimine manukato, naye akageuka kuchukua bakuli la chumvi.

Chiriku alidondosha matone aliyoambiwa, akanusa. Harufu ilikuwa hafifu mno. Akamkumbuka msusi na kile kicheko. Akaiinamisha chupa ya mdalasini, akaacha mafuta yatiririke mpaka karibu yaishe.

"Umeweka kama nilivyosema?" mama aliuliza alipogeuka.

"Ndiyo, mama."

Mama alipomwaga chumvi tu, uji ule ukaanza kuganda ndani ya ndoo. Mama alihangaika na mwiko, jasho likimtoka. "Mbona inashika haraka hivi? Haijawahi!"

"Labda ni chumvi," Chiriku alisema.

Uongo wa pili ulitoka kirahisi kuliko wa kwanza.

Walipokuwa wakikata sabuni zile, Chiriku alihisi mikono inamwasha. Akashusha mikono ya sweta lake, akaendelea kukata. Kisha sabuni zikapangwa kwenye rafu, zikaachwa zikauke. Na kweli, zilipokauka, harufu ilibaki. Ilijaa chumba kizima na kutoka mpaka barabarani. Msusi alipokuja kunusa, hakusema mengi. Alibeba nusu ya sabuni zote.

Mama alichagua mche uliokatika vizuri kuliko yote, akaufunga kwa karatasi safi. "Huu ni wa fundi cherehani," alisema. Fundi cherehani alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Wakati mama anaumwa, yeye ndiye aliyempikia, akamfulia na kumgeuza kitandani, naye akiwa na mimba kubwa. Chiriku alimwita mama mdogo. Sasa alikuwa na mtoto mchanga wa kike, ambaye hata shingo ilikuwa haijakaza vizuri.

"Atamwogeshea mtoto," mama alisema kwa furaha.

Chiriku alifungua mdomo. Akaukumbuka mwasho wa mikono yake. Akaufunga mdomo tena.

Siku chache baadaye mtoto alianza kulia. Kilio kilipenya ukutani asubuhi, mchana na jioni. Chiriku alipokwenda kumwona, alimkuta mama mdogo akimpepea kwa kipande cha kitambaa. Ngozi ya mtoto ilikuwa imewiva shingoni, kwapani na katikati ya mapaja.

"Sijui ni joto au ni nini," mama mdogo alisema. "Lakini nimeambiwa chumvi inaponya vipele. Sasa namwogesha kwa ile sabuni yenu kila anapolia."

Chiriku alisimama pale. Angeweza kusema, "Acha, mama mdogo, usimwogeshe tena." Maneno hayo tu yangetosha. Lakini mama angeulizwa, kisha mama angemuuliza yeye.

"Pole, mama mdogo," alisema, akaondoka.

Jioni moja kilio kikakatika. Ukimya ule ulitisha kuliko kilio. Mara mlango wao ukagongwa kwa nguvu. Mama mdogo alikuwa amembeba mtoto kwenye kanga, mtoto ana homa kali, macho yamelegea, malengelenge yaliyopasuka yanatoa usaha. Mkono wake mwingine ulishika sabuni.

"Dada," alisema. "Umemtilia nini mwanangu?"

Mama alichukua kitambaa chake cha kichwani, akamshika Chiriku mkono, wakakimbia wote mpaka zahanati.

Tabibu alimlaza mtoto kwenye kitanda kirefu kilichomfanya aonekane mdogo kama mwanasesere. Alimchunguza, akaigeuza ile sabuni mkononi.

"Nani ametengeneza hii?"

"Mimi," mama alisema. "Ni magadi. Lazima nilikosea kupima magadi. Nimemuunguza mtoto wa mwenzangu." Akainamisha kichwa. "Sitatengeneza tena sabuni maisha yangu yote."

"Inanukia mdalasini, tena sana," tabibu alisema. "Nahitaji kujua kwa hakika kilichomuunguza. Ni magadi, au ni haya mafuta?"

"Mafuta hapana," mama alisema, akainua kichwa. "Mimi sinusi, lakini mwanangu ndiye aliyeyapima. Nilimuuliza. Huyu mtoto ana maneno mengi, lakini hanidanganyi."

Chiriku alimtazama mama yake, kisha mtoto. Kifua kile kidogo kilikuwa kinapanda na kushuka kwa shida.

"Nilidanganya," alisema.

Wote wakamgeukia.

"Nilimwaga mdalasini, karibu chupa nzima. Nilitaka inukie. Nilipokuwa nakata mikono iliniwasha, na sikusema. Mama mdogo aliponiambia anamwogesha kwa hiyo, sikusema." Akaanza kulia kwa kwikwi. "Mama hana kosa."

Mama mdogo aliufunika uso kwa viganja. Tabibu hakupoteza muda kumkaripia mtu. Alimwambia muuguzi alete maji safi na dawa, akaanza kumsafisha mtoto vidonda. Chiriku alitolewa nje. Alikaa kwenye benchi akisikiliza mtoto akilia upya. Safari hii alikaa mpaka mwisho, hakuziba masikio.

Kesho yake mama hakumchapa wala hakumfokea. Alimpa kikapu. "Tutazifuata sabuni zote. Mimi nitabisha hodi, wewe utasema."

Wakaenda nyumba kwa nyumba. "Naomba msitumie sabuni hii. Nilizidisha mafuta ya mdalasini, nikamdanganya mama." Mlango wa kwanza ulikuwa mgumu, na uliofuata haukuwa rahisi zaidi. Mzee mmoja aliwaonyesha mikono yake iliyobambuka, akaufunga mlango. Msusi alisema mengi, tena kwa sauti ya mtaa mzima kusikia. Hakununua tena kwao. Sabuni zote zilizorudi walizifukia shimoni nyuma ya nyumba.

Mtoto alikaa zahanati mpaka homa ikashuka na vidonda vikaanza kukauka. Aliporudi nyumbani, shingo yake ilikuwa na mabaka meupe ambayo tabibu hakuahidi kwamba yataisha. Chiriku alikwenda kuomba radhi, akapiga magoti mlangoni.

"Kuzidisha mafuta ni utoto," mama mdogo alisema. "Hilo nimeshakusamehe. Lakini ulisimama hapa, ukamwona, ukaniambia pole. Hilo nipe muda, mwanangu."

Chiriku alirudi nyumbani amejikunyata. Mama yake alikuwa ameanza kukoroga sabuni mpya, isiyo na manukato yoyote. Alimsogezea kigoda, Chiriku akaketi.

"Mama, utaniamini tena?"

"Nataka," mama alisema. "Lakini mtu ambaye hanusi anaishi kwa maneno ya anayenusa. Ukikosea, sema palepale, kosa likiwa bado ndani ya ndoo. Hapo tungemwaga ndoo moja tu, basi."

Aliweka mwiko chini, akamtazama binti yake usoni.

"Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Si kila mara. Yako ilikuwa ndefu, Chiriku, na aliyeitembea ni mtoto ambaye hata kusimama hajajua."