Ulimi wa Kengele ya Ngusa

Jioni hiyo nilitumwa kazi ndogo tu. Kurudisha kengele ya ng'ombe kwa mwenyewe.

Mwaka tisini na sita, kiangazi. Nilikuwa machimboni Runzewe, na Runzewe nzima hakuna mchimbaji asiyenijua mimi Donatus ni nani. Nilipanda baiskeli asubuhi, jua linazama niko Nyahanga, Kahama kule, sijashuka hata kunywa maji.

Kolo.

Sawa. Nilipanda lori la pamba. Baiskeli ilikuwa juu ya mzigo.

Mmesikia? Hamjasikia. Nasikia mimi peke yangu. Miaka mitatu sasa, na hapa nilipohamia panaitwa Ngokolo, hata jina la mtaa linanicheka. Binti yangu Dorah ameshahama nyumba, anasema baba anabishana na ukuta. Sijalala nikashiba usingizi tangu siku hiyo. Niliambiwa itanyamaza siku nitakayotoa taarifa yote, ya kweli. Ndiyo maana nimewaita.

Kengele ilikuwa ya Ngusa, mchimbaji mwenzangu. Alitoka nayo kwao, ya dume lao lililokufa. Tulikuwa duara moja, ndivyo tunavyoita shimo la dhahabu, yeye chini, mimi juu. Duara lenyewe lilikuwa na mita mia mbili.

Kolo.

Mita thelathini.

Kuta za duara tulizishikilia kwa magogo, matimba tunayaita. Timba likisogea, udongo unakuja. Mimi ndiye niliyebuni dawa yake. Nilifunga uzi kwenye matimba yote, nikaupandisha mpaka juu, nikatundika ile kengele. Kabla ya kufunga nilimuuliza Ngusa mambo matatu. Ilie kwa lipi. Ilie kwa kiasi gani. Isikiwe na nani. Akasema ilie timba likisogea, nafasi ya kidole kimoja tu, na tusikie wote. Maji nayo nikayawekea uzi wake, kibuyu kinaelea chini, kopo la kokoto juu. Kopo likilia, chukua ndoo. Kengele ikilia, kimbia.

Na kamba ya kiunoni mwa aliye chini ilikuwa na lugha yake. Ikivutwa mara tatu, nitoe. Mara mbili, simamisha. Mara moja, shusha.

Wazungu walitoka Geita kuja kuipiga picha kazi yangu.

Kolo.

Alikuja mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Akacheka.

Shida ikawa moja. Ililia mno. Popo akigusa uzi, kolo. Lori likipita barabarani, kolo. Watu wanapanda juu mbio, wanashika roho zao, wanakuta matimba yamesimama wima. Mara nne kabla ya mchana. Wakaanza kuiita mke wa Baba Dorah, kwamba haimalizi saa bila kulalamika.

Theonest, mwenye duara, akanifuata.

"Baba Dorah, hii kengele yako inachimba nini?"

"Inalinda watu, bosi."

"Inalinda uvivu. Watu wanashinda juu wanaota jua kama mijusi."

Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka. Kesho yake Theonest akaenda mwenyewe, akailegeza. Kutoka kidole kimoja mpaka vidole vinne.

Kolo. Kolo. Kolo.

Nitarudi hapo. Ngojeni kidogo. Nitarudi.

Siku ya tatu Ngusa akiwa chini peke yake, timba likasogea. Vidole viwili, labda vitatu. Kengele kimya. Likasogea tena.

Duara likafunga mdomo.

Tulichimba siku saba bila kula.

Kolo.

Siku mbili. Tulikula.

Hatukumpata. Theonest akasema, ile kengele mrudishieni mama yake, sitaki kuiona hapa.

Ndiyo nikafika Nyahanga magharibi inaingia. Mama yake Ngusa, Mayu kwa Kisukuma, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Hana taa. Nyumba haina moto.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Ndiye wewe Baba Dorah."

"Ndiye mimi, mayu. Pole sana."

Akanyoosha mkono, nikampa kengele. Akaipakata mapajani kama mtoto.

Hapo nikaanza kusikia harufu. Kiangazi kile, ardhi imepasuka kama kisigino, lakini mlangoni pale palinuka udongo mbichi. Udongo wa chini kabisa. Ule wenye baruti ndani yake...

"Ngusa alinisimulia," akasema. "Ulimuuliza mambo matatu."

"Nilimuuliza, mayu. Mimi ndiye fundi wake."

"Nani aliilegeza?"

"Theonest."

Ndani ya nyumba mtu akakohoa. Kikohozi kile nakijua. Kikohozi cha mtu mwenye vumbi kifuani.

"Una mgeni, mayu?"

"Sina mgeni."

Nikatazama chini. Kamba ilikuwa imepita chini ya mlango. Imelowa. Ncha yake ameifunga kwenye kifundo cha mkono wake.

Ikavutwa.

Mara tatu.

Mkono wa Mayu ukaenda nayo, ukarudi. Yeye hata hakugeuka.

Akaigeuza kengele, akaingiza vidole viwili, akang'oa ule ulimi wake wa chuma, kama unavyomng'oa mtoto jino. Halafu akanong'ona.

"Na mimi nimeipanga. Ilie kwa uongo. Uongo mdogo, ilie kidogo. Uongo mkubwa, ilie mpaka meno yacheze. Isikiwe na mmoja."

"Mayu... itanyamaza lini?"

"Ukitoa taarifa yote. Haya, shika ulimi wako."

Akanitia kile chuma mkononi, akanifumba vidole. Kilikuwa cha moto. Nikakimbia. Nilipofika barabarani nikafungua kiganja, hamna kitu.

Mdomoni ndiyo nikasikia ladha ya chuma.

Mwaka jana nilirudi kwake kuomba radhi. Alinipokea vizuri, akanipa maziwa, akasema, "Mimi sina kengele, Baba Dorah. Kengele unayo wewe." Mlango ulikuwa wazi. Ndani hamna mtu, hamna kamba.

Theonest yeye hajaguswa. Yupo, ana magari mawili.

Kolo.

Ana moja.

Basi. Nimefika pale nilipowaambia nitarudi.

Niliilegeza mimi. Theonest alisema niifungue niitupe. Nikaona aibu, kazi ya mikono yangu itupwe watu wakicheka. Nikampa vidole vinne ili ionekane ipo lakini isiseme. Ngusa sikumwambia. Aliteremka akijua ni kidole kimoja.

Kolo.

Bado. Najua bado.

Vumbi lilipotulia, wenzangu walikimbia kumwita Theonest. Nikabaki mdomoni mwa duara peke yangu. Kamba ya kiuno cha Ngusa ilikuwa imetokeza kwenye kifusi, kipande kama mkono hivi.

Ikavutwa mara tatu.

Ikapumzika.

Ikavutwa mara tatu.

Angetoka, angeuliza nani kailegeza. Wote wangejua. Wenzangu wakarudi, wakaniuliza, vipi, kuna dalili? Nikasema hamna. Nikasema kamba ilicheza kidogo, ni udongo unajikalia tu, kama kengele ilivyokuwa ikilia bure. Halafu nikaikalia wasiione.

Tulichimba upande wa pili. Mimi ndiye niliyewaonyesha pa kuchimba.

Kila tulipopumzika nilirudi pale pale kukaa. Niliisikia chini ya mapaja yangu mpaka giza linaingia. Tatu. Tatu. Mwisho ikawa inavutwa taratibu, kama mtu anayesinzia.

Ndiyo yote. Hakuna nyingine.

...

Kimya.

Nasikia redio ya jirani. Nasikia chura. Miaka mitatu sikuwa nimesikia chura bila kile kitu katikati. Imenyamaza, jamani. Mayu alisema kweli.

Nani kaleta udongo mbichi humu ndani?

Ngojeni. Kiunoni hapa...

Msinishike. Nani kanishika?

Hakuna aliyenishika.

Imevutwa. Nahesabu. Nangoja ya pili, ile ya simamisha.

Nangoja.

Ni mara moja tu.