Nani Anagusa Spika za Gari Langu?

Nilimkuta mke wangu amepiga magoti kando ya gari. Ganda la ndani la mlango liko chini, bisibisi ameing'ata mdomoni, na waya za spika yangu ziko mikononi mwake.

Saa kumi na moja jioni, jua bado linawaka.

"Unafanya nini?"

Akashtuka. Bisibisi ikaanguka.

"Mbona umewahi kurudi?"

Jamani, nyie mnaosoma hapa mmejinyoosha kwenye kochi... siku mbili nzima nilikuwa namtafuta anayeharibu spika zangu. Nimewashuku majirani, nimewashuku watu wa ofisini. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Ngoja niwarudishe nyuma mnielewe.

Gari letu ni la zamani, lilikuja na redio yake ya kiwandani ya kumeza kanda. Kila asubuhi namshusha mke wangu kwenye duka la dawa anapofanya kazi, halafu naenda zangu ofisini. Dakika arobaini. Ndani ya dakika hizo yeye anaimba, mimi namwambia anauharibu wimbo, ananipiga kofi la bega. Ndiyo ilikuwa ndoa yetu hiyo, siwafichi.

Mwaka huu redio ikafa, na kuimba kukafa. Tukawa tunasafiri kama abiria wasiojuana, kila mmoja na dirisha lake. Iliniuma. Nikanunua redio mpya na spika mbili kubwa.

"Mpelekee fundi," mke wangu akasema.

"Fundi wa nini? Waya ni waya."

Hapo ndipo nilipojiloga mwenyewe.

Dashibodi niliibandua kwa kisu cha jikoni, nikavunja vishikizo vitatu. Plagi ya zamani ikakataa kuingia kwenye redio mpya, nikaikata kwa mkasi. Nikabaki na rundo la waya ambazo rangi zake hazifanani na za kwenye karatasi ya maelezo hata kwa dawa. Nikaunga kwa kukisia, nikazungusha tepu.

Wikiendi tatu ziliishia hapo. Akiniita chakula, "dakika tano." Akiniita tena, "nimesema dakika tano."

Siku moja akasimama mlangoni akasema, "Siku nikihama humu, utagundua ukishamaliza skrubu ya mwisho."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Redio ikawaka. Lakini sauti... nyembamba, kama mtu anaimba ndani ya debe! Nikizima spika ya kushoto, ya kulia inanguruma. Nikizima ya kulia, ya kushoto inanguruma. Zikilia pamoja, besi, ule mngurumo mzito, inatoweka. Nilitamani kulipiga gari mateke.

Ijumaa jioni nikajipenyeza kwa fundi redio mmoja tunayemwita Besi. Aibu ikanishika, nikamwambia ni gari la rafiki yangu.

Hakuinua hata macho. "Rafiki yako ageuze waya za spika kwenye mlango mmoja. Ya chanya aiweke kwenye hasi, ya hasi kwenye chanya. Mlango mmoja tu."

Jumamosi, mke wangu akiwa kazini, nikageuza za mlango wangu wa dereva. Nikawasha. Vioo vikatetemeka. Nusura nilie.

Sikumwambia. Nilitaka asikie mwenyewe Jumatatu. Nikachomoa uso wa redio, ule unaobanduka ili wezi wasitamani, nikautia mfukoni. Huwa natembea nao kila mahali.

Jumapili nikaenda kutazama mpira.

Jumatatu asubuhi nikabandika uso, nikatafuta wimbo wake, nikawasha huku namtazama.

Debe.

Naye alikuwa ananitazama, kwa jicho la mtu anayengoja jambo. Kisha akageukia dirisha lake. Nikamshusha kwenye duka la dawa.

Nilipokagua, waya za mlango wangu zilikuwa kama nilivyoziacha. Lakini mlango wa abiria... skrubu zimekwaruzwa vichwa, na moja haipo. Kuna mtu kagusa. Ningeweza kugeuza tena, ila nilitaka kwanza nimnase mtu huyo. Jumanne nikaliacha gari nyumbani makusudi, nikaomba lifti, nikatoroka kazini mapema.

Na mtego ukamnasa mke wangu.

"Kumbe ni wewe," nikamwambia.

"Nisikilize kwanza. Nilikuwa nata..."

"Ulikuwa unaharibu. Wikiendi tatu navunjika mgongo, wewe unanichimba nyuma yangu. Gari nalo unalionea wivu?"

Akasimama, akajipangusa magoti taratibu.

"Hivi umewahi kuniuliza swali ukangoja jibu?"

Nikainama kuokota bisibisi.

"Haya. Spika zako, milango yako. Baki navyo."

Akaingia ndani, akatoka na begi, akaenda kwa dada yake.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikalipeleka gari kwa Besi, mlango mmoja uchi. Safari hii sikusema ni la rafiki.

Besi alilitazama gari, akanitazama mimi, akacheka mpaka akakalia tairi.

"Kwa hiyo ni gari moja!"

"Gari moja nini?"

"Ijumaa ile asubuhi alikuja dada mmoja wa duka la dawa, na koti lake jeupe. Eti gari la rafiki yake, spika hazina besi. Nikamwambia vilevile, ageuze mlango mmoja. Juzi kanirudia, anasema Jumapili kageuza mlango wake wa abiria na bado. Nikamwambia arudie."

"Huyo ni mke wangu," nikamwambia.

"Kaka, spika moja ilikuwa inasukuma wakati nyingine inavuta," akaendelea. "Kila moja nzima, lakini pamoja zinauana. Wewe ukageuza, zikapatana. Yeye akageuza, zikagombana upya."

"Sasa kwa nini hakujaribu redio kabla ya kugusa?"

"Alisema redio haina uso. Mume wa huyo rafiki yake hutembea nao mfukoni."

Nikaingiza mkono mfukoni. Ulikuwemo.

Nikaendesha gari hadi kwa dada yake, nikamkuta amesimama getini. Nikamnyooshea ule uso wa redio.

"Kaa nao wewe. Na unisamehe kwa maneno ya jana. Sikukungoja umalize."

Akaupokea, akaugeuzageuza. "Umetoka kwa Besi."

"Wewe ulinitangulia."

"Nilitaka usikie Jumatatu."

"Na mimi nilitaka usikie Jumatatu."

Tukatazamana kama wajinga wawili.

"Sasa tugeuze upi?" akauliza.

"Wako."

"Kwa nini wangu? Wako."

Shemeji akadakia kutoka ndani, "Geuzeni wowote kabla sijafunga geti."

Akageuza wake. Mimi nikashika skrubu kiganjani nikingoja aniambie nimpe ipi, na nikangoja kweli. Kisha akabandika uso mwenyewe, akatafuta wimbo wake. Sauti ya besi ikanguruma hadi kwenye viti. Hakurudi ndani kufuata begi. Alimwambia dada yake alilete.

Wapendwa, hakuna aliyenihujumu. Tulikuwa wawili tunaotengeneza kitu kimoja kwa siri, na ndivyo tulivyokiharibu. Kama kuna kitu unamtengenezea mwenzako, mwambie. Huenda naye yuko mlango wa pili na bisibisi.

Vile vishikizo vitatu vya dashibodi havijapona hadi leo. Uso wa redio anakaa nao yeye kwenye mkoba wake, na kila asubuhi namwomba.