Kopo la Clarrie Pettifer

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 4 Juni 2001, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Una Pettifer alipogundua kwamba kopo la marehemu mumewe, Clarrie, halipo. Alikuwa amesimama juu ya kiti mbele ya kabati la nguo, barua ya serikali mkononi.

"Shuka, Bi Una," alisema Alwyn Trask kutoka mlangoni. "Nitaangalia mimi."

Alwyn alikuwa mstaafu wa reli. Ndiye aliyewajazia wajane wa Wirrabeen, mji mdogo wa Australia, fomu za fidia ya waliokuwa mateka wa Wajapani katika Vita vya Pili vya Dunia. Alisoma barua mara mbili. Ilisema kwamba hakukuwa na mateka aliyeitwa Clarence Pettifer. Kama mjane alikuwa na ushahidi, aulete kabla ya Ijumaa.

"Miaka arobaini na miwili nimemfunga bendeji kidonda cha mguu wa kushoto alichotoka nacho kambini," alisema Una. "Hata kwenye joto la Januari hakuvaa kaptula. Sasa wananiambia hakuwako."

"Koponi mlikuwa na nini?"

"Sijui. Alilifunga kwa waya, akaniambia nisifungue. Nililiona mara ya mwisho Aprili, asubuhi ya Siku ya Anzac, kabla sijaenda ukumbini kuwakumbuka askari."

"Mlango ulifungwa?"

"Nani anafunga mlango hapa?"

Una alileta chai na biskuti kwenye sahani ya maua ya buluu. Alwyn alipoinua sahani kupangusa makombo, aliona kipande cha plasta chini yake: T. PETTIFER.

"Ya Thelma," alisema Una. Thelma alikuwa mjane wa Les, kaka yake Clarrie. "Mama mkwe alitugawia seti ile. Nadhani niliibeba kimakosa kutoka ukumbini siku ile."

Alwyn aliandika hilo kwenye daftari.

Saa tano alikuwa kwenye ukumbi wa askari wa zamani. Katibu, Royce Hannaford, alikuwa amemwomba Una kopo lile mara tatu kwa ajili ya kabati lake la vioo la kumbukumbu za vita.

"Mimi mwizi?" alisema Royce. "Ningeliiba ningeliweka hapo kila mtu alione. Ndiyo kazi ya kabati, Alwyn."

Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Alwyn akauliza kama siku ya Anzac Una aliondoka na sahani.

"Aliondoka saa tisa, mikono mitupu. Aliitafuta sahani yake jikoni hakuiona. Thelma alikuwa ameosha vyombo, akaenda zake saa saba."

Alwyn aliomba simu ya ukumbi, akaipigia ofisi ya fidia. Alisikilizishwa muziki dakika thelathini na nane. Binti mmoja akamtaka ajaze fomu ya kuomba ruhusa ya kuuliza, akamrudisha kwenye muziki. Wa pili alikuwa mchangamfu.

"Wirrabeen? Mbona Bi Pettifer tulimlipa Mei? Mjane wa Leslie. Mumewe ndiye aliyeandikwa ana kidonda cha mguu wa kushoto."

Alwyn aliweka simu chini taratibu. Ukutani palikuwa na picha ya timu ya kuogelea, mwaka 1949. Les Pettifer alisimama mbele na nguo ya kuogelea, miguu yake yote miwili laini kama ya mtoto.

Saa kumi alasiri, yeye na Una walibisha kwa Thelma. Una aliweka sahani mezani.

"Umefika kwa Una tangu Krismasi?" alisema Alwyn.

"Sijafika."

"Hii ilifikaje kwake? Yake iko wapi?"

Thelma aligeuza sahani, akasoma jina lake. Kisha akafungua kabati, akageuza nyingine iliyofanana nayo. U. PETTIFER.

"Mjinga mimi," alisema. "Nilitoka ukumbini na zote mbili. Naenda kuiba, nashindwa kukaa na sahani ya mtu, kumbe namwachia yangu."

Alilitoa kopo chini ya sinki. Ndani mlikuwa na kibati cha askari cha kuvaa shingoni, chenye namba na jina: L. PETTIFER.

"Clarrie alikuwa na miaka kumi na saba, mdogo mno kwa jeshi," alisema Alwyn. "Akajiandikisha kwa cheti cha kuzaliwa cha kaka yake."

"Na Les alipokwenda wakamwambia yumo tayari," alisema Thelma. "Angesema ukweli, mdogo wake angefungwa. Akanyamaza. Walimwita mwoga kwenye baa hii hii ya hapa hadi anakufa, na jina lake liko Burma likiwajengea Wajapani reli. Nikaona tunalidai jina hilo, nikachukua kopo liwe ushahidi wangu. Pesa sijazigusa, Una. Nilizipata, nikashindwa hata kununua pazia."

Una alikichukua kibati.

"Ungeniambia, Thelma."

"Ungeniamini?"

Alwyn aliipigia tena ofisi ya fidia. Muziki ulidumu dakika ishirini na sita, na wanawake wale wawili waliusikiliza bila kutazamana. Hatimaye binti alipokea, akauliza jina la mateka. Una akachukua simu.

"Aliitwa Leslie, lakini alikuwa Clarrie wangu. Mwenye pesa anazirudisha, yupo hapa."

"Fomu ina nafasi ya jina moja tu, mama."

"Basi tafuta karatasi nyingine, mwanangu. Na andika kwamba Leslie mwenyewe alikwenda kujiandikisha, mkamrudisha nyumbani. Hiyo nataka barua yake yenye mhuri, itundikwe baa."

Thelma aliinuka, akaweka birika jikoni. Akashusha sahani zote mbili.