Yeyote, Mradi Awe Msafi

Kitanda cha pili kilikuwa kimetandikwa. Hilo ndilo lililomsimamisha mlangoni na begi lake begani, maana matroni alikuwa amemkabidhi ufunguo muda huo huo na kumwambia chumba hakijalaliwa na mtu mwezi mzima. Kitanda chake mwenyewe kilikuwa godoro tupu lenye madoa ya waliomtangulia. Cha pili kilikuwa na shuka nyeupe, imevutwa ikakaza kama ngozi ya ngoma. Na chumba kizima kilinuka pasi, ile harufu ya nguo inayokaribia kuungua.

"Mwenzangu ameshafika," alijiambia, akaanza kupakua.

Bwenini walikuwa wameshampa jina: Mhamiaji. Alikuwa amesomea kazi ya maabara miaka miwili katika chuo cha mbali, halafu akaomba kuhamia hapa. Yeye alisema amefuata maabara nzuri. Wenye midomo walisema amemkimbia mwanamume. Na kwani mtu hawezi kuwa na sababu mbili? Huko alikotoka alimwachia chumba mdogo wake, aliyeanza mwaka wa kwanza, na jioni ile ile mdogo mtu akapiga simu kulalamika.

"Dada, kitanda chako hiki kinalia kama bata."

"Kivumilie. Mimi kilinivumilia miaka miwili."

"Na wewe umepangiwa na nani?"

"Hata simjui. Kwenye fomu ya makazi waliuliza nataka kuishi na nani, nikaandika: yeyote, mradi awe msafi."

"Msafi! Wewe unayeficha soksi chini ya mto?"

Wakacheka, wakaagana.

Kesho yake mchana alikuwa ameinama juu ya beseni akiosha nywele, povu limemjaa machoni, akasikia sauti ya kike, ya upole: "Hodi."

"Karibu, pita tu," akajibu bila kuinua kichwa.

Mlango ule ulikuwa na bawaba mbovu, haukufunguka bila kupiga ukelele. Haukulia. Kilicholia ni kitanda cha pili, polepole, kama kinavyolia mtu anapokikalia kwa heshima. Akajipangusa macho haraka. Hakuona mtu. Katikati ya shuka ile iliyokaza palikuwa na bonde, upana wa nyonga za mwanamke.

Tangu hapo nguo zake akazikuta zimepigwa pasi. Soksi zikatoka chini ya mto, zikakunjwa mbili mbili. Angeweza kuzoea, maana uvivu nao una raha yake, lakini likaja suala la kozi. Mshauri wa masomo alimpa orodha achague tatu, arudishe fomu kabla ya Ijumaa. Alitia alama kwa penseli: damu, vimelea, takwimu. Akaenda kuoga. Aliporudi, alama zake zilikuwa zimefutwa na tatu nyingine zimetiwa kwa wino, na pembeni kwa mwandiko wa kupendeza kabisa palikuwa na maneno: *Hizi zinatufaa zaidi.*

Aliisoma ile "tu" mara tatu. Akasema ni utani wa wasichana wa bweni, akaiweka fomu kwenye droo, akafunga kwa ufunguo.

Asubuhi iliyofuata droo ilikuwa imefungwa vile vile, na fomu haimo. Akakimbilia usajili. Karani wa pale alikuwa mtu wa miwani ya kuning'inia kwa kamba, asiyeinua kichwa hata kwa salamu.

"Fomu yako ameileta mwenzako," alisema. "Mnafanana sauti kama pacha. Ila yeye mwandiko wake unasomeka."

"Mimi sina mwenzangu, kaka."

"Hayo mkayamalize bwenini. Nafasi ya kuhamia ni moja na jina ni moja. Ijumaa kabla ya saa sita mchana aje mmoja wenu athibitishe. Atakayesaini ndiye mwanafunzi."

"Na mwingine?"

"Mwingine nitamjuaje mimi?"

Alirudi bwenini. Matroni alikuwa mlangoni. Alimtazama juu mpaka chini, kisha akamuuliza kwa upole, "Dada, wewe ni mgeni wa nani?"

Hapo ndipo alipokaa kwenye ngazi akalia. Aliyemkuta ni mfagizi, Mama Ndoo, aliyeitwa hivyo kwa kuwa ndoo yake ilitangulia kila kona kabla yake mwenyewe. Mhamiaji akamweleza yote, kwa kunong'ona.

"Yeyote," Mama Ndoo alirudia, akaweka ndoo chini. "Mwanangu, binadamu akiandika yeyote anafikiria watu tu. Wasomaji wa karatasi si watu peke yao."

"Nimwite mganga amfukuze?"

"Kwa kosa gani? Umemwalika kwa maandishi. Kapiga hodi, ukamkaribisha. Ulitaka msafi, kawa msafi. Jini huyo ana adabu kuliko nusu ya bweni hili. Wa namna yake hafukuzwi. Huhamishwa."

Akatoa mfukoni mwa aproni fomu ya kuhama, imekunjwa nne, inanuka sabuni. Kumbe hakuwa akiitembeza kwa mara ya kwanza.

"Jaza kila mstari, umpe asaini. Na usije ukaandika kokote. Ya 'yeyote' umeshayaona. Andika mahali pa kweli, unapopajua, la sivyo atarudi akwambie hakupaona."

Ijumaa saa tano alikuta gauni lake zuri limetandazwa juu ya kitanda cha pili, limepigwa pasi, na viatu vyake vimeelekezwa mlangoni. Mwenzake alikuwa anajiandaa kutoka. Akapiga magoti, akaweka fomu juu ya shuka, akaanza kujaza, jina la chuo hiki, bweni hili, chumba hiki, na kila mstari alioumaliza ile harufu ya pasi ikazidi, joto likampanda mgongoni hadi kisogoni kama mtu ameinama nyuma yake kusoma, kurasa za vitabu vyake zikawa zinafunuliwa moja moja mezani pasipo upepo, mpaka akafika kwenye mstari wa mwisho, *anakohamia*, na sauti ikamuuliza sikioni, sauti yake mwenyewe, ile ile anayoitumia kwenye simu, "Wapi?", na akili ikamtoka yote, ukabaki mkono tu, nao ukaandika ulichokizoea kuandika kwenye kila fomu kwa miaka miwili.

Kalamu ikachukuliwa vidoleni mwake, taratibu. Sahihi ikajichora, nzuri.

"Asante," ile sauti ikasema. "Nitafika."

Shuka ikalegea. Chumba kikanuka chumba.

Alifika usajili saa sita kasoro dakika saba. Karani, kwa mara ya kwanza, akainua kichwa. "Leo peke yako?" Akasaini. Kozi akazirudisha zile zake: damu, vimelea, takwimu. Matroni akamwita kwa jina la utani, naye akamkumbatia matroni wa watu mpaka mama akashangaa.

Jioni simu ikalia. Mdogo wake.

"Dada, hukuniambia kama una rafiki anahamia huku. Nilikuwa nafua, mtu akapiga hodi, nikamwambia pita."

Mhamiaji akakaa chini, pale pale alipokuwa. Macho ya akili yake yakauona ule mstari wa mwisho kama alivyouandika: chuo kile, bweni la mashariki, chumba cha sita, kitanda cha dirishani.

"Mdogo wangu, nisikilize. Toka humo chumbani."

"Nitoke niende wapi? Mtu mwenyewe mstaarabu, nguo zangu zote kazipiga pasi. Na ile fomu ya kozi iliyokuwa inaniumiza kichwa, usiwe na wasiwasi tena, dada. Tumeshachagua."