Mwenyewe Hayupo

Mlango uligongwa mchana, fundi cherehani akiwa anapinda suruali ya mteja. Aliinua mguu kwenye pedeli, akasikiliza. Kugongwa kwenyewe hakukumshangaza, kwani siku hizo alikuwa akikutarajia kwa hofu. Kilichomshtua ni kwamba uligongwa chini kabisa, karibu na kizingiti, mahali ambapo mtu angelazimika kulala kifudifudi ili apafikie.

Asubuhi ile wakusanya madeni walikuwa wamempigia simu tena. "Mzee, tumechoka na ahadi zako," kijana mmoja alisema. "Sasa tunakuja nyumbani. Tutakaa hapo mlangoni mpaka majirani wote wajue." Fundi alijibu kwa kunong'ona, uso ameuelekeza ukutani, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa sebuleni akipaka mafuta kovu lake la upasuaji.

Upasuaji huo ndio uliomponza. Hospitali ilipotaka pesa, ndugu wote walianza kutazamana, na fundi akapiga kifua: "Niachieni mimi." Alikopa kwa siri, akasema ni akiba yake. Tangu hapo hakuna mgeni aliyeingia bila mama mkwe kumsifia mkwewe. "Huyu si mkwe, ni mtoto wangu wa kumzaa," alikuwa akisema. Fundi aliinamisha kichwa, watu wakadhani ni unyenyekevu.

Mlango ukagongwa tena. "Mwenyewe yupo?" Sauti ilikuwa ya upole, ya mtu asiye na haraka.

Mama mkwe alikuwa amesinzia, mkewe ametoka. Fundi akabana pua ili abadili sauti. "Mwenyewe hayupo."

"Atarudi lini?"

"Harudi. Amehama."

"Kwa hiyo nyumba haina mwenyewe?"

"Haina," fundi alisema.

"Haya, vizuri."

Alipochungulia dirishani hakuona mtu. Lakini harufu ya udongo uliochimbuliwa punde ilikuwa imeshaingia ndani.

Basi yakaanza. Akiwa uani ananawa, alisikia kikohozi chake mwenyewe chumbani. Akiwa amelala, alisikia cherehani ikishona, na asubuhi hakukuta nguo wala uzi. Kisha jioni moja mkewe alimkuta jikoni, akamshika mkono.

"Mume wangu, uko huku?"

"Kwani vipi?"

"Na sebuleni nimemwacha nani? Si ulikuwa unapiga soga na mama?"

Wakanyata hadi kwenye pazia, wakachungulia, wakamwona mama mkwe akicheka na kiti kitupu, kiti ambacho mto wake ulikuwa umedidimia kama umekaliwa na mtu mzito, na kutoka hapo ikasikika sauti ya fundi mwenyewe ikimuuliza mama kwa upole kama kovu bado linawasha, kama nyuzi zimeshika, kama anaweza kuligusa kidogo tu, naye mama, bila wasiwasi wowote, akaanza kupandisha upindo wa blauzi yake.

"Mama!" fundi akapiga kelele.

Kiti kiligeuka peke yake. "Nani huyo ameingia nyumbani kwangu?" sauti ileile ikauliza.

Mama mkwe naye akamtazama fundi usoni, akakunja uso. "Kweli, baba, wewe ni nani?"

Asubuhi mkewe alimleta mganga, mwanamke mmoja mwenye miwani minene. Aliingia, akanusa, akatoka upesi hadi kizingitini.

"Huyu jini hakuvamia. Amekaribishwa," alisema. "Nani kamwambia nyumba haina mwenyewe?"

Fundi alitazama vidole vyake vya miguu.

"Ubani wangu hautamtoa. Mwenye nyumba ajitokeze, aseme ukweli wote, tena mbele ya yule anayefichwa."

Mungu amsamehe, fundi alisimama pale akipima kipi kina nafuu: kuishi na jini, au kumwambia mama mkwe. Kidogo achague jini. Ndipo alipomwona mama amekaa karibu na kile kiti, mkono wake umelazwa hewani kama umeshikwa, akiitabasamia ile hewa.

"Mwenyewe ni mimi," alisema. "Nadaiwa. Sikuwa na akiba, mama, sikuwahi kuwa nayo, nilikopa ili watu wanione mwanamume, nikala sifa zako kila siku huku nikijificha nyuma ya mlango kama mwizi, na ni mimi niliyesema nyumba hii haina mwenyewe."

Mto ukainuka taratibu. Mlango ukafunguka, ukajifunga. Harufu ikatoweka.

Mama mkwe alitazama mkono wake, kisha fundi, na safari hii alimtambua. "Kumbe tumbo hili limeshonwa kwa mkopo," alisema polepole, "na mimi nazunguka mtaa mzima nikijigamba nalo."

"Hata mimi?" mkewe aliuliza. "Hata mimi ulinificha?"

Fundi alitamani ardhi ipasuke.

Mchana mlango uligongwa, safari hii juu, kwa kishindo cha mtu. Fundi alifungua mwenyewe. Alikuwa yule kijana wa simu.

"Mwenyewe ni mimi," fundi alisema. "Naomba tu unisikilize..."

"Mzee, shida iko wapi?" Kijana alicheka. "Nimefuata kofia yangu ya pikipiki. Niliisahau jana asubuhi, uliponilipa."

Jana asubuhi fundi alikuwa dukani akinunua nyuzi. Aligeuza macho. Kofia ilikuwa pale, nyuma ya mlango.

"Nilikulipa?" alinong'ona.

"Deni lote! Halafu ukasema neno la ajabu." Kijana akapunguza sauti. "Eti sasa anayekudai amebaki mmoja tu, na hataki pesa."

Aliondoka akipiga mluzi.

"Ni wale watu?" mama mkwe aliita kutoka ndani. "Wamesemaje, baba?"

Mkewe alikuwa amesimama kwenye pazia, macho yamemvimba, akimngoja. Fundi alifungua kinywa kusema. Aibu ya kuungama mara ya pili siku hiyohiyo ikamzidi.

"Wamekubali tulipe kidogo kidogo," alisema.

Mama mkwe akashusha pumzi, akamshukuru Mungu kwa sauti. Fundi akaenda kukaa kwenye cherehani, akawapa mgongo.