Mgeni wa Kwenye Simu

Mama Kahindo alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba, huko Bunia. Vita vya Ituri vilikuwa havijaisha, lakini watu waliendelea kupika, kuuza na kugombana kama kawaida. Mara binti yake Gentille akaingia mbio kutoka shule.

"Mama! Tutapokea mugeni! Anatoka Uganda!"

Shule yake ilikuwa imefanya urafiki na shule moja ya Hoima, ng'ambo ya ziwa. Wale wa kule walijifunza Kiswahili, na wa Bunia Kiingereza. Wageni walitaka kuja, lakini barabara ya Bogoro ilikuwa na mapigano. Basi walimu wakaamua kwamba kila familia impokee mgeni wake kwa simu, kwa picha na sauti. Ijumaa mgeni angesema Kiswahili mbele ya shule zote mbili. Akishindwa, yeye na mwenzake wa Bunia wangetolewa katika urafiki huo, na nafasi wapewe wengine.

"Mugeni ni mugeni tu," alisema mama Kahindo. Akafua mapazia, akakaanga samaki.

Kesho yake mume wake, Sébastien, alivaa koti la harusi. Simu iliegemezwa kwenye thermos, na mbele yake ikawekwa sahani ya bugali na samaki. Ndiyo, mbele ya simu! Msichana mmoja akatokea, akitabasamu. Jina lake Patience. Familia yote ilikaa wima, mikono magotini.

"Bonjour, mademoiselle," alisema Sébastien. Kisha akanong'ona, "Mutu asiseme Kiswahili yetu ya sokoni. Tutapata haya."

Zamani, mtoto aliyesema Kiswahili darasani badala ya Kifaransa alivalishwa ubao wa aibu shingoni, ulioitwa symbole. Sébastien aliuvaa sana, na bado aliuogopa.

Patience hakujua Kifaransa. Alimtazama samaki, samaki akamtazama yeye, mpaka mega za intaneti zikaisha. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Gentille akalia.

"Ijumaa iko karibu! Watanitosha, wapatie wengine nafasi!"

Jirani yao, Madame Brigitte, alisikia kilio akaja. Alikuwa mwalimu wa kompyuta. Alipoona koti na sahani, alicheka mpaka akakaa chini.

"Papa Gentille, mutoto anatafuta Kiswahili, na siye tunamufungia mulango! Peleka simu kwa jikoni. Gentille, onyesha kitu, taja jina, yeye arudilie. Kisha yeye akufundishe Kiingereza. Réseau ya simu ikikuwa mubaya, zima picha, mubakie na sauti. Mega zikipunguka, tuma ujumbe wa sauti. Ataisikiliza tena na tena."

"Lakini Kiswahili yetu ni ya jikoni," alisema Sébastien.

"Njo hiyo anataka! Ile ya kitabu, iko nayo kwa shule."

Kesho yake simu ikahamia jikoni. "Kinu!" alisema Gentille. "Kinu!" alijibu Patience. Kisha Gentille akarudia maneno ya Kiingereza, ulimi ukimteleza, akacheka. Mbuzi akaingiza kichwa mlangoni.

"Toka, weye mbuzi!" alifoka mama Kahindo.

"Toka, weye mbuzi!" alifoka Patience kutoka Hoima. Mbuzi akakimbia kweli. Lo, furaha ya siku ile!

Ijumaa shule ilijaa. Patience alitokea kwenye kioo kikubwa, akawaona watu wote wale, akasahau maneno yote. Mama Kahindo akashindwa kuvumilia, akasimama.

"Patience, mutoto wangu! Umekula?"

Uso wa Patience ukafunguka. Aligeuza simu yake. Alikuwa jikoni kwao, na mezani palikuwa na sahani ya bugali na samaki.

"Bado, mama. Ninakungoja weye. Karibia, chakula iko tayari!"

Watu walipiga makofi na vigelegele. Nafasi ya Gentille ilikuwa imepona. Mama Kahindo alijifuta machozi kwa kitenge. Sébastien naye akasahau haya yake, akapaza sauti mbele ya walimu:

"Na miye je, Patience?"

"Karibu, papa! Lakini vula koti. Huku ni jikoni!"