Ukuta Uliokataa Kukauka

Ukuta mzima ulikauka isipokuwa mahali pamoja, upana wa kiganja, kando ya altare. Anselme Taillandier alikuwa amefanya kazi ya uashi miaka ishirini, kumi kwao Ufaransa na kumi hapa Quebec, na kanisa hili alilichora mwenyewe kabla ya kulijenga. Chokaa aliijua. Chokaa ya Julai haikai mbichi mpaka Agosti ikaisha.

Mchonga mawe wake, mzee Gervais, alipagusa, akanusa kidole.

"Fundi, safari hii chokaa umeikanda kwa maziwa? Panachacha hapa."

Anselme hakucheka. Alijua kilichokuwa nyuma ya jiwe la mahali pale.

Mwezi Julai mkewe, Mathurine, alijifungua mtoto wa kiume asiyelia. Mkunga alimsugua, akamwekea unyoya puani. Unyoya haukutikisika. Asiyepumua habatizwi, na asiyebatizwa halazwi katika udongo mtakatifu. Hupelekwa nje ya ua wa makaburi, wanakopita ng'ombe, bila msalaba wala jina. Ndiyo desturi ya watu wale, na Anselme, mcha Mungu, hakubishana nayo. Alibeba kisanduku kwapani, akaenda hadi mwisho wa ua, akashindwa kuuvuka. Akakumbuka kwamba kanisa likikamilika askofu atakuja kuzipaka kuta mafuta matakatifu. Basi mafundi walipokwenda kula mchana, akakilaza kisanduku ndani ya ukuta, akaziba kwa jiwe na chokaa. Mafuta yatamfikia, alijiambia.

Anselme alimwambia mkewe kwamba mtoto yuko nje ya ua, chini ya jiwe jeupe. Kila alasiri Mathurine alikwenda kukaa pale, akiimba nyimbo za kubembeleza. Kanisani hakuruhusiwa bado, maana mzazi haingii mpaka arobaini itimie na padri amwombee mlangoni. Anselme alimtazama kutoka juu ya jukwaa la ujenzi, mdogo kama ndege, akiiimbia ardhi tupu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na huu wake hakuwa na wa kumwambia.

Ile harufu ya maziwa ikazidi. Kisha, siku moja katika sala ya jioni, Padri Ligneul aliponyamaza kidogo, watu wakasikia ukutani kitu kikinyonya, taratibu, kama mtoto aliyepewa ziwa lisilo na kitu.

"Panya," Gervais alinong'ona.

"Panya hanyonyi hivyo," akajibu mwanamke aliyekuwa nyuma yake.

Padri akainyunyizia ile sehemu maji ya baraka, akamwamuru pepo atoke, na hapo kile kitu kikaanza kulia, si kwa ukali wala kwa kutisha, bali kilio kile cha mtoto aliyeamka akakuta hakuna mtu, kikipanda, kikikatika, kikianza upya, mpaka watu wakatoka mmoja mmoja bila kuangaliana, na Anselme akabaki peke yake amepiga magoti, ameziba masikio, akikisikia vilevile.

Siku ya arobaini Mathurine alikuja na mshumaa wake. Padri akamwombea mlangoni, akamwingiza. Kilio kilikuwa kimeanza tangu asubuhi. Alipovuka kizingiti, kikakoma.

Hakuuliza mtu. Alikwenda moja kwa moja hadi pale palipolowa, akaweka shavu.

"Anselme, yuko humu?"

Anselme akaitikia kwa kichwa.

Padri alisema polepole kwamba lazima mtoto atolewe kabla askofu hajaja, na kwamba hatawalaani, kwa kuwa yeye pia alizaliwa na mwanamke. Anselme akachukua patasi. Jiwe lilitoka kirahisi, kana kwamba limesukumwa. Mathurine akakipokea kisanduku, akakikumbatia, akaketi sakafuni. Ukuta ukaanza kukauka mbele ya macho yao.

"Nisamehe, mke wangu," Anselme alisema. "Nilitaka mafuta yamfikie."

"Na mimi siku zote hizi nilikuwa nikimwimbia nani?"

"Ardhi tu. Hapakuwa na mtu pale."

Mathurine akamtazama kwa huruma, kama yeye ndiye asiyejua.

"Alikuwa akiniitikia, Anselme. Mwanzo kwa kuguna. Juma hili amejua kucheka."

Padri akafanya ishara ya msalaba. Nje ya ua ule walilala wachanga wengi, wa miaka mingi, ambao mama zao walikwisha kuzeeka au kufa.

Jua lilikuwa limeinama. Saa ya Mathurine ya kwenda kuimba ilikuwa imefika. Kupitia mlango uliokuwa wazi, kutoka kwenye majani wanakopita ng'ombe, mtoto akaanza kulia.

Mathurine akainuka. Alikibusu kisanduku, akakiweka mikononi mwa mumewe.

"Huyu mlaze wewe," alisema. "Yule amenizoea."